Kiingereza cha Sayansi Kifunzwe Maabarani

Kituluni, kilomita chache kutoka mjini Machakos, wageni huja na chupa za maji. Huyamwaga barabarani wakayatazama yakikimbilia juu ya mlima. Dereva naye hulitoa gari kwenye gia, akaachilia breki, nalo likaanza kupanda polepole bila kusukumwa na mtu. Wenyeji wana hadithi zao juu ya mahali hapo. Barabara za namna hii zipo katika nchi nyingi, na waliozipima kwa vifaa wamekuta kwamba kinachoonekana kuwa mpando ni mteremko. Vilima vya pembeni vimeuficha upeo halisi, jicho likakosa mstari wa kujipimia, likaamini kinyume.

Sasa mpe mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa fizikia alieleze jambo hilo. Ukimwacha aseme kwa Kiswahili chake, chenye Kikamba ndani na Sheng juu yake, ataeleza vizuri. Atasema jicho limedanganywa. Atapendekeza uletwe ule mpira mwangavu wa maji ambao mafundi wa kujenga husawazishia msingi, mmoja ashike ncha huku na mwingine kule, ionekane maji yamesimama wapi, maana maji yaliyo ndani ya mpira hayatazami vilima. Hilo tayari ni jaribio. Lina dhana, lina kifaa, na lina namna ya kumwonyesha aliyekosea kwamba amekosea. Kisha mwambie aliandike kwa Kiingereza, kurasa mbili, zenye utangulizi, njia, matokeo na mjadala. Nimefundisha kemia katika shule za upili za Ukambani kwa miaka mingi, na wengi niliowafundisha hurudi na kazi zao za chuo nizisome. Najua kinachotokea. Sentensi hufupishwa mpaka wazo linakatika, na mwishowe kijana anaandika kwamba mvutano wa dunia mahali pale ni tofauti. Hakuamini hivyo alipokuwa akizungumza. Ameandika hivyo kwa sababu hiyo ndiyo sentensi aliyoweza kuijenga.

Udhaifu wa lugha umeibadilisha fizikia yake, na mhadhiri anayesahihisha atadhani kijana hajui fizikia.

Dai langu ni hili. Kiingereza cha sayansi hakifunziki kikiwa peke yake katika ukumbi wa mihadhara. Kifunzwe maabarani na shambani, mwaka baada ya mwaka, na walimu wa sayansi wakishirikiana na walimu wa lugha, huku mwanafunzi akiwa na ruhusa ya kufikiri na kubishana kwa lugha anazozijua. Na kabla ya kupewa shahada, aonyeshe kwamba anaweza kuyaeleza matokeo yake kwa Kiswahili mbele ya watu ambao utafiti huo unawahusu.

Nianze na wale wanaosema tukiache Kiingereza kabisa. Nawaheshimu, na hoja yao ina uzito. Lakini mtu wa Machakos anayetaka kujua yaliyoandikwa kuhusu udongo wake mwenyewe atalazimika kusoma Kiingereza. Mwaka 1937, Colin Maher, ofisa wa serikali ya kikoloni aliyesimamia hifadhi ya udongo, aliandika ripoti kuhusu mmomonyoko katika eneo la Wakamba wa Machakos. Ripoti za namna hiyo zilisema mifugo ilikuwa mingi kupita kiasi. Serikali ikaanza kuwachukua ng'ombe kwa nguvu, na kiwanda cha nyama cha Athi River kikawa tayari kuwapokea. Mwaka 1938 umati wa Wakamba ulitembea kwa miguu hadi Nairobi, ukakaa huko kwa majuma ukitaka kuonana na Gavana. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa akahamishiwa Lamu. Serikali baadaye ikalegeza amri ile.

Kisa hicho husimuliwa kama kisa cha siasa, nacho ni cha siasa kweli. Mimi nakiona pia kama kisa cha sayansi iliyoandikwa kwa lugha moja na kutekelezwa juu ya watu wenye lugha nyingine, bila mtu kukaa nao chini ya mti akauliza ng'ombe wana kazi gani katika nyumba ya Mkamba. Ardhi ilikuwa inaharibika kweli, na Maher hakuyatunga makorongo. Ila aliyeandika hakuzungumza na waliokuwa na majembe.

Waliokuwa na majembe walikuja kuleta jawabu lao. Kuanzia miaka ya 1950, wakulima wa Machakos walishika kwa wingi ile njia ya kuchimba mtaro kwa kufuata usawa wa mlima na kuurusha udongo upande wa juu, ukawa tuta. Mvua ikinyesha, udongo unaoshuka hunaswa na tuta, na miaka inavyopita shamba lenyewe hujisawazisha likawa ngazi. Vikundi vya mwethya, yaani vya kusaidiana kazi, vilichimba kilima baada ya kilima, wanawake wakiwa wengi. Njia hiyo inaitwa fanya juu. Leo mhandisi wa udongo popote duniani akisoma kuhusu matuta ya nchi kavu hukutana na maneno hayo mawili ya Kiswahili, yamechapishwa hivyo hivyo katikati ya Kiingereza. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu mwaka 1994 kuhusu mabadiliko ya Machakos. Walionyesha kwamba kati ya miaka ya 1930 na mwaka 1990 idadi ya watu ilipanda kutoka takriban 240,000 hadi milioni 1.4, na bado mmomonyoko ulipungua. Kitabu hicho kimebishaniwa katika vyuo vikuu vingi duniani. Kimeandikwa kwa Kiingereza. Mjukuu wa mama aliyechimba matuta ya Mbooni au ya Kangundo, akisomea sayansi ya udongo leo, atasoma habari za nyanya yake kwa lugha ambayo nyanya hakuijua.

Kwa hiyo kijana huyo anakihitaji Kiingereza, na anakihitaji kizuri, ili asome yaliyosemwa kuhusu kwao na apate pia kuyapinga pale yalipokosea. Lugha ya sayansi hubadilika kadiri nguvu za dunia zinavyohama. Isaac Newton alichapisha kitabu chake kikuu mwaka 1687 kwa Kilatini, na kile cha mwanga mwaka 1704 kwa Kiingereza. Kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza, mkemia asiyesoma Kijerumani alihesabiwa kuwa hajasoma. Yawezekana wajukuu wetu watakuta mambo yamegeuka tena. Lakini mwanafunzi anayeripoti chuoni leo hawezi kuwasubiri wajukuu.

Swali ni jinsi anavyofundishwa, na hapa sina budi kusema wazi kwamba tunamfundisha vibaya.

Mji wa Machakos una chuo kikuu cha umma kilichopata hati kamili mwaka 2016, baada ya kuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Kenyatta tangu 2011, na kabla ya hapo pakiwa na taasisi ya ufundi. Upo pia Chuo Kikuu cha Scott Christian. Ninayoyasema hapa hayakilengi chuo chochote kati ya hivyo, maana mtindo ni mmoja takriban nchi nzima. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza husoma kozi ya lazima ya stadi za mawasiliano. Ukumbini wameketi pamoja wa hisabati, wa biashara, wa hoteli, wa kilimo na wa ualimu, mamia yao, na mwalimu mmoja mwenye kipaza sauti. Hufundishwa aina za usikilizaji, vizuizi vya mawasiliano, namna ya kuandika barua ya kuomba kazi, namna ya kunukuu vitabu. Hufanya mtihani, hupita, hufunga daftari. Muhula huo huo, katika jengo jingine, wa kemia wanaandika ripoti zao za kwanza za maabara, na hakuna anayeziunganisha kazi hizo mbili. Mwaka wa nne, wakati wa kuandika mradi wa utafiti, ile kozi imeshasahaulika, na msimamizi wa mradi anajaza kurasa wino mwekundu kuhusu nyakati za vitenzi, akikosa nafasi ya kuuliza kama kipimajoto kilisomwa sawasawa.

Siwalaumu walimu wa kozi hiyo. Wamepewa kazi isiyowezekana. Mtu hawezi kufunza lugha ya kueleza jaribio mahali ambapo hakuna jaribio.

Ugumu wa Kiingereza cha sayansi hauko pale watu wengi wanapoudhania. Wengi hudhani ni yale majina marefu ya kemikali na ya wadudu. Hayo mwanafunzi huyakariri, na kwa kuwa hayana maana nyingine yoyote kichwani mwake, hayamchanganyi. Yanayomwangusha ni maneno ya kila siku ambayo sayansi imeyachukua na kuyapa kazi mpya. Watafiti wawili wa Uingereza, Cassels na Johnstone, walionyesha katika miaka ya 1980 kwamba hata watoto waliozaliwa ndani ya Kiingereza huyaelewa vibaya maneno hayo ya kawaida wanapoyakuta katika maswali ya sayansi. Mtafiti Mkenya, Samuel Oyoo, ameandika kwa miaka mingi kuhusu jambo hilo hilo katika madarasa ya Afrika, akisisitiza kwamba lugha ya mwalimu wa sayansi ni sehemu ya sayansi anayoifundisha. Chukua neno "significant". Mtaani ni kubwa au muhimu. Katika takwimu ni kwamba tofauti iliyopatikana haielekei kuwa imetokea kwa bahati tu, hata kama ni ndogo namna gani. Nimesoma mradi wa mwanafunzi wa kilimo aliyelinganisha mbolea mbili, hesabu zake zote sahihi, kisha akatangaza mbolea moja kuwa bora mno kwa kuwa programu ya takwimu ilimpa neno hilo. Tofauti yenyewe ilikuwa kiganja cha mahindi kwa shamba zima. Mkulima angemsikiliza, angenunua mbolea ya bei juu kwa ajili ya kiganja.

Ugumu mwingine ni wa mpangilio. Sisi husema njia ya kupima kiwango cha mmomonyoko wa udongo: jambo kuu mbele, yanayolifafanua nyuma, yakishikana kwa viunganishi. Kiingereza cha sayansi huyabeba maneno hayo hayo kinyume, udongo ukitangulia na njia ikifunga mkia, bila kiungo katikati. Msomaji asiyezoea hulishika jina la kwanza akidhani ndilo kuu. Mazoezi ya mwezi mmoja yanatosha kumtoa hapo, mradi mtu amwambie kwamba mambo yako hivyo. Katika miaka yangu yote ya shule sikuwahi kuona kitabu cha kiada kikimwambia.

Halafu kuna kipimo cha uhakika, na hapa Kiswahili ni msaada mkubwa tunaoutupa. Mwanasayansi hasemi tu jambo. Husema analijua kwa kiasi gani. Mwanafunzi aliyezoea insha za shule ya upili huandika kwamba matokeo yake yamethibitisha, yameonyesha bila shaka, yamedhihirisha. Mwulize kwa Kiswahili kama ana hakika, atakuambia yaelekea, huenda, kama mvua ingenyesha kawaida ingekuwa vingine. Ana "-nge-" na "-ngali-", ana yamkini, ana vipimo vyote vya shaka ambavyo makala ya kisayansi yanavidai, na anavitumia kila siku bila kufundishwa. Mwalimu angeanzia hapo, kwenye shaka ambayo kijana tayari anaijua, akamwonyesha Kiingereza huiandikaje, kazi ingekuwa nusu.

Kwa nini basi hatuanzii hapo? Kwa sababu ya hofu tuliyoirithi. Tume ya elimu ya Ominde ya mwaka 1964 ilipendelea Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza, na ingawa sera zilizofuata zilirudisha lugha za nyumbani katika madarasa ya chini, shule nyingi ziliendelea na kile kidude cha aibu, kipande cha ubao au mfupa, alichovishwa mtoto aliyenaswa akizungumza lugha ya mama. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza adhabu ya namna hiyo mwaka 1986 kitabuni, na waliopita shule zetu baada yake hawakuhitaji kuelezwa. Mtoto huyo sasa ni mwanafunzi wa chuo kikuu. Ukiingia maabarani wakati wa kazi za vikundi, utasikia Kiswahili na Kikamba vikitiririka mhadhiri akiwa mbali, na mara akikaribia meza, kimya. Kile kimya ndicho kinachonisikitisha kuliko sarufi yoyote mbovu. Walikuwa wakibishana kwa nini rangi haikugeuka. Ubishi ule ndiyo sayansi yenyewe, nao umezimwa kwa kuwa haukuwa na Kiingereza cha kuvaa.

Tanzania ilikwenda njia nyingine, na inafaa kuitazama kwa makini. Huko shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili na sekondari hugeukia Kiingereza. Mwaka 1984 watafiti Criper na Dodd waliichunguza hali ya Kiingereza katika shule na vyuo, wakakuta wanafunzi wengi wa sekondari hawawezi kukitumia kujifunzia masomo mengine. Uingereza ikafadhili mradi wa kukikuza Kiingereza mashuleni. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kilikuwa na kitengo cha stadi za mawasiliano. Wakati huo huo, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilikuwa ikikusanya istilahi, na mwaka 1990 ikatoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Kazi hiyo ingefaa kuwa kwenye rafu ya kila maabara ya Kenya. Sijaikuta hata katika moja kati ya zile nilizoingia. Tunagombana kila mwaka kama Kiswahili kinaweza kubeba sayansi, ilhali waliokwisha kukibebesha wamekaa ng'ambo ya mpaka wa Namanga.

Ninalolichukua kutoka Tanzania ni kwamba lugha moja haiwi adui wa nyingine. Kilichowaumiza wanafunzi kule, na kinachowaumiza hapa, ni kuvuka ghafla bila daraja. Katiba yetu ya 2010 inavitaja Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi za Jamhuri, bega kwa bega. Sioni kwa nini maabara ya umma iwe mahali ambapo moja kati ya hizo mbili hunong'onwa.

Wahadhiri huniambia: mimi ni mkemia, sikuajiriwa kufunza lugha. Namwelewa anayesema hivyo, hasa nikikumbuka idadi ya wanafunzi alio nao na malipo yanayochelewa mpaka migomo. Lakini mkemia ndiye peke yake anayejua kwa nini katika sehemu ya njia husemi ulichokifikiri bali ulichokifanya, na kwa nini gramu 2.50 na gramu 2.5 si kauli moja. Mwalimu wa lugha hawezi kulijua hilo bila yeye. Wala sitaki aongezewe kazi. Nataka ipunguzwe na ipangwe upya. Badala ya ripoti 10 kwa muhula zinazopewa alama na kutupwa, ziwe 4, kila moja iandikwe mara mbili. Mara ya kwanza mwenzake wa meza aisome na kujaribu kulifuata jaribio kwa maneno yaliyomo tu, bila kuuliza. Atakapokwama, hapo ndipo lugha ilipokosea, na hapahitaji wino mwekundu wa mtu yeyote. Mara ya pili ndiyo ipewe alama. Mwanafunzi hujifunza kuandika anapoandika upya, na katika vyuo vyetu hiyo ndiyo nafasi asiyopewa kamwe.

Kuhusu programu za akili unde zinazoandika Kiingereza kilichonyooka kwa dakika moja, najua zimo katika simu za takriban wanafunzi wote. Kuzipiga marufuku ni kujichosha. Ila hazikuwapo maabarani. Hazikuona kwamba mizani ilikuwa ikicheza kwa sababu dirisha lilikuwa wazi. Kijana wa Kituluni akiipa programu sentensi yake ya mvutano uliobadilika, itamrudishia uongo ule ule ukiwa na sarufi safi, na safari hii hata mhadhiri atakosa dalili ya kushtuka. Ndiyo maana ubishi wa mezani, kwa lugha yoyote, uwe na alama zake. Mhadhiri asimame, asikilize, aulize. Anayeijua kazi yake ataonekana.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu ni zito kuliko mengine yote.

Mwaka 1981, katika iliyokuwa wilaya ya Machakos, wagonjwa 20 walipatikana na maini yaliyoharibika ghafla. 12 walikufa. Walikuwa wamekula mahindi yenye sumukuvu, ile sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye nafaka iliyohifadhiwa na unyevu. Habari zao zilichapishwa mwaka 1982 katika jarida la The Lancet, kule London, zikasomwa na madaktari wa dunia nzima. Mwaka 2004 sumu ile ile ilirudi mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui zikiumia zaidi na Machakos ikiwamo. Wagonjwa walikuwa 317, na waliokufa 125. Ilikuwa imepita miaka 22 tangu maarifa yale yachapwe. Sidai kwamba makala moja kwa Kiswahili ingewaokoa wote, maana njaa, mvua na ukosefu wa maghala havikungoja lugha. Lakini nimekaa na watu wa Mwala waliozika ndugu mwaka ule, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amewahi kusikia kwamba nchi hii iliijua sumu hiyo tangu 1981.

Fikiri jinsi jambo lenyewe linavyosemwa. Kiwango kinachoruhusiwa katika mahindi ya kuliwa nchini Kenya ni sehemu 10 za sumu kwa sehemu bilioni. Hiyo ni sawa na gramu 10 ndani ya tani 1,000, yaani takriban magunia 11,000 ya kilo 90. Jicho halitaiona, ulimi hautaionja, na moto wa kupikia ugali hauiondoi. Mwaka 2008 watafiti wa Kenya walichapisha katika jarida la kimataifa matokeo ya kuichunguza sumu hiyo katika utayarishaji wa muthokoi, chakula cha kila nyumba ya Ukambani, wakakuta kwamba kuyakoboa mahindi kuliipunguza kwa karibu nusu. Hilo ni jambo la maana sana kwa mama anayetwanga. Na lina sehemu ya pili ambayo lazima isemwe pamoja na ya kwanza: nusu iliyobaki bado inaweza kudhuru, na ile iliyotoka imo ndani ya makapi ambayo kesho yatamwagiwa kuku. Mwanafunzi wa sayansi ya chakula anayeweza kuyaeleza hayo yote mawili sokoni Marikiti, bila kutia hofu na bila kudanganya, ana ujuzi ambao hakuna karatasi ya mtihani iliyowahi kuupima.

Mahindi yanapaswa kukauka hadi unyevu wa asilimia 13.5 au chini ya hapo kabla ya kutiwa ghalani. Kipima unyevu ni ghali. Lakini mabwana shamba wana njia ya chupa: unatia punje na chumvi kavu ndani ya chupa kavu ya kioo, unatikisa, unaacha itulie. Chumvi ikigandamana na kuta za chupa, mahindi yamepita asilimia 15, yarudi juani. Kila hatua ya jaribio hilo ina sababu yake ya kikemia, na linaelezeka lote kwa Kikamba. Ni jaribio la mwaka wa kwanza. Mwanafunzi alifanye mezani, alilinganishe na kipimo cha tanuri, aandike ripoti kwa Kiingereza mara mbili, aeleze kwa kiasi gani chupa inakosea. Kisha alipeleke Yatta au Masinga kabla ya mavuno ya Februari, alifanye tena mbele ya wakulima kwa maneno yao, na arudi na maswali waliyomwuliza. Maswali hayo yaingie katika sehemu ya mjadala, maana atakuta mengine hayana jibu katika kitabu chochote, na hapo ndipo utafiti wake wa mwaka wa nne utakapoanzia.

Hakuna linalohitaji fedha mpya katika haya isipokuwa nauli ya matatu. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Katumani, kilichowapa wakulima wa nyika mahindi yanayowahi kukomaa, kiko hapo hapo nje ya mji, na watafiti wake wamekuwa wakizungumza na wakulima kwa Kiswahili na Kikamba kwa miongo mingi. Kozi ya stadi za mawasiliano ina saa zake katika ratiba, na mwalimu wake analipwa. Seneti za vyuo vikuu vyetu zinaweza kuzihamishia saa hizo maabarani kwa azimio la kikao kimoja. Mwalimu wa lugha na mkemia wasimame mbele ya kundi moja la wanafunzi, kamusi ya 1990 ikiwa juu ya meza kati ya mizani na chupa ya chumvi, na mwanafunzi wa kwanza atakayesema "sielewi" kwa lugha yoyote ajibiwe.